Siku sita za kusoma matundu matupu: nyumba za mwaloni za Uingereza, kutoka Lewes hadi Leigh

Siku ya 1: Lewes na Alfriston

Begi la safari hii ni jepesi: tochi yenye mwanga mkali, futi ya mita tano, timazi, kioo kidogo cha mkononi, daftari na penseli mbili. Kioo ni cha kuchungulia upande wa chini wa boriti na sehemu zilizojificha bila kupanda kiti. Bisibisi iache nyumbani. Nyumba hizi ni za watu au za makumbusho, na kuchokonoa mbao ili kujua kama imeoza ni kazi ya fundi aliyeitwa na mwenye nyumba.

Treni kutoka London Victoria inafika Lewes kwa muda wa saa moja hivi. Barabara kuu ya mji huu inafaa kuanzia kwa sababu inadanganya. Unaona nyumba ya tofali ya karne ya 18, imenyooka, madirisha yamepangwa kwa ulinganifu. Sogea kwenye kona uangalie. Kwenye ukuta wa tofali za kweli, kila mstari unageuka kona: mmoja unaonyesha ubavu wa tofali, unaofuata unaonyesha kichwa. Hapa kona imefunikwa ubao wa kusimama. Kisha angalia dirisha: limekaa karibu kabisa na uso wa ukuta, kwa kuwa ukuta wenyewe ni mwembamba. Hizo si tofali. Ni vigae vilivyoumbwa ili sehemu inayoonekana ifanane na tofali, vikapigiliwa misumari kwenye mbao au kukazwa kwa chokaa, halafu mianya ikajazwa chokaa. Nyuma yake kiunzi cha mwaloni cha zamani bado kimesimama.

Husemwa mara nyingi kwamba watu walitumia vigae hivyo kukwepa kodi ya tofali ya mwaka 1784. Maelezo hayo hayakai sawa, kwani sheria ile ile ilitoza vigae pia. Sababu zilikuwa fasheni na uzito: kiunzi chembamba chenye ghorofa iliyochomoza hakibebi ukuta wa tofali, lakini kinabeba ngozi ya vigae.

Kutoka Lewes ni vituo vichache hadi Berwick, kisha mwendo wa miguu wa kilomita nne hivi hadi Alfriston. Clergy House iko karibu na kanisa, kando ya mto Cuckmere. Ni ya karne ya 14, na ndiyo nyumba ya kwanza kununuliwa na National Trust, chama cha kuhifadhi majengo na maeneo ya kihistoria: mwaka 1896, kwa pauni 10, wakati chama chenyewe kilikuwa na umri wa mwaka mmoja.

Majina ya viungo vya nyumba ya namna hii tunayo, maana wajenzi wetu wa nyumba za miti wameyatumia siku zote. Nguzo zinasimama juu ya boriti ya chini iliyolazwa kwenye msingi mfupi wa mawe. Juu ya nguzo, kwa urefu wa nyumba, umelazwa mwamba. Kutoka mwamba wa mbele hadi wa nyuma unapita mtambaapanya, ambao kazi yake ni kuzuia kuta zisitanuke kwa uzito wa paa. Juu yake kuna kombamoyo, yaani miti ya mshazari inayobeba paa, na pao za kushikilia maezeko. Ukishika hayo manne, mwamba, mtambaapanya, kombamoyo na pao, unaweza kufuata maelezo yote ya siku zijazo.

Ukumbi wa katikati hauna dari. Kutoka sakafuni unaona kombamoyo. Moto uliwashwa katikati ya sakafu na moshi ukajitafutia njia kupitia paani. Sakafu yenyewe ni chaki iliyopondwa, ikashindiliwa, kisha ikazibwa kwa maziwa yaliyochachuka. Protini ya maziwa hushika vumbi la chaki kama gundi. Inavumilia kukanyagwa kwa nyayo kavu, ila haipendi maji.

Siku ya 2: Singleton, nyumba ya Bayleaf

Basi kutoka Chichester kwenda kaskazini, kilomita kumi hivi. Makumbusho ya Weald and Downland yalifunguliwa kwa wageni mwaka 1971, na nyumba zake ni za kweli, zilizookolewa mahali pengine, zikafunguliwa kiungo kwa kiungo na kusimamishwa tena hapa. Tenga siku mbili. Wanaokuja kwa saa tatu huondoka na picha za kuku na bata.

Bayleaf ilisimama Kent, kwenye bonde la Bough Beech lililokuwa linageuzwa kuwa bwawa la maji. Ilifunguliwa mwaka 1968 na 1969. Ukiitazama kwa mbele ni kitu kimoja: ukumbi umeingia ndani kidogo katikati, ncha mbili zimechomoza ghorofani, paa moja limefunika zote. Pete za miti, zinazoonyesha mti ulikatwa lini, zinasema vingine. Ukumbi na upande wa maghala ni mwaloni uliokatwa kati ya 1405 na 1430. Upande wa pili, wenye chumba cha kulala cha mwenye nyumba, ni wa 1505 hadi 1510. Kati ya ncha moja na nyingine kuna umri wa mtu na wa mjukuu wake.

Hata bila maabara mpaka huo unasomeka. Elekeza tochi kwenye kombamoyo za ukumbi: nyeusi, na masizi yamekauka mpaka yanang'aa kama lami. Masizi hayo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote katika nyumba ya mwaloni. Popote utakapoyakuta juu ya dari, hata katika nyumba iliyogeuzwa mara nne, chini yake palikuwa na ukumbi wa wazi wenye moto. Na pale weusi unapokatika ghafla ndipo palipokuwa na kizuizi cha kufika mpaka paani, au ndipo kiungo kipya kilipoongezwa.

Sasa weka kioo chini ya mwamba, juu ya dirisha la ukumbi. Kioo cha dirisha kilikuwa ghali. Madirisha haya yalikuwa matundu yenye fito nene za mwaloni zilizosimamishwa kwa mshazari, kona ikitazama nje. Mahali pa kila fito pamechongwa tundu la umbo la almasi. Fito zikiondolewa, dirisha likizibwa, ukuta ukipigwa lipu, tundu hubaki. Safu ya almasi chini ya boriti maana yake ni dirisha, hata kama leo mbele yake kuna kabati. Ukikuta karibu yake mfuo mrefu uliochimbwa kwenye mbao, humo ndimo kibao cha kufungia dirisha kilimoteleza.

Kuta zilizobaki zinasomeka kwa vitundu vya duara. Kati ya nguzo na nguzo fundi alisimamisha mambo za mwaloni, yaani fimbo za kusimama: juu zimechongwa ncha na kuingia kwenye vitundu vilivyotobolewa kwa keekee, chini zinatelezeshwa ndani ya mfuo. Kisha fito za mhazeli, au mwaloni uliopasuliwa mwembamba, zikafumwa kulia kushoto. Palipo na vitundu palikuwa na ukuta. Pasipo na vitundu, kwa upana wa sentimita 80 au 90, palikuwa na mlango. Wengi hutafuta mlango wa zamani kwa kuangalia nyufa za lipu, wakakosea. Angalia upande wa chini wa mbao iliyo juu.

Kukandika kwenyewe hakuhitaji maelezo mengi kwa msomaji aliyeona nyumba ya udongo ikijengwa. Udongo wa mfinyanzi, mabua yaliyokatwakatwa, samadi ya ng'ombe, maji kidogo, ukanyagwe mpaka ushikane. Jambo moja hupuuzwa: watu wawili wanakandika kwa pamoja, mmoja ndani, mmoja nje, wakitupia udongo usawa mmoja ili ukutane katikati ya fito na kushikana. Akikandika mtu mmoja, upande mmoja leo na wa pili kesho, unapata ngozi mbili zisizoshikana, na ya nje itabanduka. Udongo ukikauka husinyaa na kuacha mwanya wa milimita tano mpaka kumi kuzunguka fremu. Mwanya huo unajazwa chokaa yenye nywele za mbuzi. Anayejaza saruji au silikoni hapo amefunga maji ndani ya mbao. Tutakutana naye Lavenham.

Kiunzi kilichongwa kikiwa kibichi, kwa sababu mwaloni mkavu huvunja makali ya patasi. Boriti ya upana wa milimita 250 inaweza kusinyaa milimita 10 hadi 20 inapokauka, na fundi alijua hilo. Ndiyo maana hakutegemea kigingi cha kukaza tu. Alitoboa nguzo, akaingiza ulimi, yaani ncha ya boriti iliyochongwa nyembamba, akaweka alama, akautoa ulimi na kuutobolea milimita tatu hivi karibu zaidi na bega lake, pale ulimi unapoanzia. Kigingi cha mwaloni uliopasuliwa kwa nyuzi, chenye kuchongoka, kikigongwa kinapinda kidogo kupitia matundu hayo mawili yasiyolingana, na kinavuta ulimi ndani. Kiungo kinajikaza na kubaki kimekazwa hata mbao inaposinyaa. Ukizidisha tofauti ikafika milimita saba au nane, kigingi kinakatika au ncha ya ulimi inapasuka, na hilo hutajua mpaka siku utakapokifungua kiungo.

Jambo la mwisho la leo linataka tochi ilazwe, mwanga upite kando ya mbao na kivuli kionekane. Karibu na viungo utaona mikwaruzo ya patasi: I, II, III, IIII. Kiunzi kilipangwa chini, kila kiungo kikachongwa kwa mwenzake, hivyo ulimi wa nguzo hii hauingii kwenye boriti ile. Namba ndizo zilizowaongoza waliokisimamisha. Nne ni mistari minne, kwani mbao ikigeuzwa kichwa chini IV na VI huchanganyana. Ukikuta safu ya II, III, V, jiulize IIII iko wapi: huenda ni fremu nzima iliyoondolewa ili dohani ipite.

Upana wa nyumba ulifuata urefu wa mti, kama vile vyumba vya mawe vya Lamu vinavyofuata urefu wa boriti ya mkoko. Tofauti ni kwamba mwaloni ulikuwa mnene wa kutosha kuruka ukumbi mzima bila nguzo ya kati, na katika Bayleaf mtambaapanya wa ukumbi umebeba pia nguzo fupi ya taji iliyosimama katikati yake, inayotegemeza mbao za paa.

Siku ya 3: Singleton tena, habari za moshi

Historia ya kugeuzwa kwa nyumba hizi, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kuufukuza moshi. Makumbusho haya yana hatua zote, tena kwa umbali wa kutembea.

Poplar Cottage, ya karne ya 17, ni nyumba ya mtu wa kipato kidogo kutoka ukingoni mwa ardhi ya malisho ya kijiji cha Washington, Sussex. Moto umesogezwa kwenye chumba chembamba upande mmoja wa nyumba, kilichoachwa wazi hadi paani, kama dohani ya mbao na udongo yenye upana wa chumba. Ni hatua ya katikati: ghorofa inawezekana juu ya sehemu nyingine bila watu kukohoa, na tofali bado hazijanunuliwa. Ukikuta katika nyumba fulani masizi sehemu moja nyembamba tu ya paa, kumbuka chumba hiki.

Pendean, kutoka Midhurst, ilijengwa mwaka 1609 ikiwa tayari na dohani ya tofali katikati. Mlango wa mbele unafunguka ukitazamana na ubavu wa dohani. Unageuka kushoto au kulia. Ukiona kutoka barabarani mlango uliolingana na dohani juu ya paa, umeshajua mpango wa ndani kabla ya kubisha hodi. Mlango ukiwa pembeni na dohani ikiwa kwingine, yaelekea dohani ilipenyezwa baadaye.

Kupenyeza dohani kwenye ukumbi wa zamani kunaleta matatizo matatu. Uzito kwanza: rundo la tofali linakaa juu ya udongo wake, kiunzi juu ya wake, na kila kimoja kinazama kwa kasi yake. Ndiyo maana boriti nyingi karibu na dohani zina mteremko unaoonekana kwa macho. La pili, boriti zilizozamishwa ndani ya tofali huungua polepole kwa miaka, zikawa mkaa kabla mtu hajaona moshi. La tatu ni sehemu ya paa inapokutana na dohani, ambapo maji huingia kwanza.

Moto ukishawekwa ndani ya tofali, ukumbi hauna haja ya urefu wote ule, na hapo ndipo ghorofa ikaingizwa. Hili ndilo geuzo la kawaida kuliko yote, na lina alama isiyofichika. Huwezi kuingiza boriti yenye ndimi ncha zote mbili kati ya nguzo mbili zilizokwisha kusimama, haitapita. Fundi alikuwa na njia mbili. Au aliingiza ulimi mmoja kwenye tundu la kawaida, na upande wa pili akachonga tundu refu lililo wazi kwa juu au pembeni, boriti ikateleza mpaka mahali pake. Au alipigilia kiegemeo kwenye nguzo na kuilaza boriti juu yake. Ukiona lolote kati ya hayo, ghorofa ni ngeni hata kama ina miaka 400.

Kisha likaja kosa. Ghorofa mpya inakuta mtambaapanya umepita usawa wa kifua, na mwenye nyumba anajigonga kila usiku. Anaukata katikati aweke mlango. Nyumba haianguki siku hiyo, wala mwaka huo. Lakini kombamoyo zinasukuma mwamba nje, na hakuna tena wa kuuzuia. Shusha timazi kutoka kwenye mwamba mpaka chini kila mita moja na nusu, uandike umbali kutoka ukutani. Kama tumbo la ukuta limetokeza pale pale mtambaapanya ulipokatwa, chanzo umekipata. Dawa yake ni kurudisha mvutano kwa chuma au mbao mpya pembeni ya mlango, na kuacha ukuta pale ulipo. Wanaotaka kuuvuta ukuta urudi wima kwa jeki huvunja ndimi zilizokwisha kuzoea mkao wao.

Nyumba ya Walderton ndiyo niliyoiweka ya mwisho kwa makusudi. Nje ni mawe ya gumegume na tofali, kazi ya karne ya 17, imara, ya kawaida. Ndani kuna mabaki ya ukumbi wa mbao wa enzi za kati. Mwenye nyumba hakubomoa. Alijenga ukuta mpya kuzunguka ya zamani, akaingiza dohani na ngazi, na mbao zilizomfaa akaziacha zilipo. Hesabu ya fedha tu, na hesabu hiyo ndiyo iliyozihifadhi nyumba nyingi kuliko sheria yoyote.

Siku ya 4: Lavenham

Siku ndefu ya treni na basi hadi Suffolk. Mji huu ulitajirika kwa nguo za sufu, na ukumbi wa chama cha Corpus Christi uwanjani ulijengwa karibu na mwaka 1530. Nguzo zake zimesimama karibu karibu, nafasi kati yake ikikaribia upana wa nguzo yenyewe. Kimuundo si lazima. Nusu yake zingetosha. Mwaloni ulikuwa ghali na huo ndio ulikuwa ujumbe kwa mpita njia.

Nyumba nyingi za hapa zilipigwa lipu baadaye, na nyingine lipu ikabanduliwa tena watu walipoanza kupenda kuona mbao. Alama: uso wa nguzo umejaa makovu ya shoka, madogo, ya mshazari, yote kwa kina kimoja. Hayo yalipigwa ili lipu ishike. Ukiyaona, mbao unazoziona leo zilikuwa zimevikwa, na aliyezivua ameacha matundu ya viungo wazi kwa mvua. Weusi na weupe wa kung'aa tunaoujua kwenye kadi za posta nao ni wa kuchelewa, hasa wa karne ya 19. Mwaloni mkongwe ulioachwa peke yake ni wa kijivu, na mara nyingi chokaa ilipakwa juu ya vyote, mbao na ukuta.

Hapa ndipo pa kuongea kuhusu saruji. Nyumba ya mwaloni inalowa na kukauka. Haijawahi kuwa kavu daima. Chokaa ni laini na ina vinyweleo, hivyo maji yanayoingia yanatoka. Saruji ni ngumu kuliko kiunzi kilicho nyuma yake. Kiunzi kinacheza kidogo na majira, saruji inapasuka ufa mwembamba kama unywele, mvua inanyonywa ndani, na haitoki. Inashuka mpaka kwenye boriti ya chini. Unyevu wa mbao ukivuka asilimia 20 na kubaki hapo, kuvu huanza kazi. Baada ya kuvu anakuja dumuzi wa mwaloni, yule anayegonga kichwa ndani ya tundu wakati wa majira ya kuchipua. Tundu lake la kutokea lina kipenyo cha milimita tatu hivi, karibu maradufu ya lile la mdudu wa samani. Kumnyunyizia dawa huku saruji ingali ukutani ni kupoteza fedha: anafuata mbao yenye unyevu, na unyevu ukiondoka anaisha.

Kazi yenyewe hufuata mpangilio. Shusha kwanza ardhi ya nje iliyopanda mpaka kwenye boriti ya chini. Mara nyingi ni udongo wa bustani na lami za barabara, sentimita 20 au 30. Bandua saruji kwa nyundo na patasi, bila mashine ya kutetemesha. Acha ukuta upumue majira yote ya joto. Kata mbao iliyooza tu, uunge mwaloni mpya. Ndipo upige lipu ya sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, yenye nywele, kwa tabaka mbili au tatu nyembamba, ukiifunika kwa gunia la maji isikauke haraka. Malizia kwa chokaa ya kupaka, mikono minne au mitano, kila mmoja mwepesi kama maziwa. Mkono mzito hubanduka kama ganda la yai.

Mafundi wa zamani nao walikosea. Udongo uliochoka ulitolewa mara nyingi na nafasi ikajazwa tofali. Zinapendeza, zimepangwa kwa mitindo, lakini ni nzito kuliko udongo, zinanyonya mvua na kuikabidhi kwenye boriti iliyo chini yake. Ukiona nafasi iliyojazwa tofali, angalia boriti ya chini yake kabla ya kitu kingine.

Siku ya 5: Wilmcote na Shottery

Wilmcote ina kituo chake cha treni, karibu na Stratford-upon-Avon. Kwa zaidi ya karne moja watu walionyeshwa hapa nyumba nzuri ya mbao nyeusi wakaambiwa ndiko alikotoka Mary Arden, mama yake Shakespeare. Mwaka 2000 uchunguzi wa hati ulionyesha kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya jirani, Adam Palmer. Ya akina Arden ilikuwa ile ya pembeni, Glebe Farm, ambayo hakuna aliyeipiga picha kwa kuwa uso wake ni wa tofali na unaonekana kama wa juzi juzi. Nyuma ya tofali kuna kiunzi, na pete za miti zilitoa mwaka 1514. Bahati yake ni kwamba Shakespeare Birthplace Trust ilikuwa imeshainunua tangu 1968, bila kujua ni nini. Aliyejifunza kona na madirisha ya Lewes angeishuku nyumba hii tangu asubuhi.

Shottery ni kama kilomita moja na nusu kutoka katikati ya Stratford, kwa njia ya miguu. Nyumba ya Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, huitwa kibanda, ila ina vyumba kumi na viwili. Ilikuwa nyumba ya shamba. Sehemu ya zamani ni ya mwaka 1463, na umbo lake ni tofauti na yote tuliyoyaona: paa limebebwa na kruki, yaani jozi ya mbao nene zilizopinda, zinazoanzia chini na kukutana kileleni kama mikono miwili iliyoinuliwa kuomba. Zinatokana na mti mmoja uliopinda, ukapasuliwa katikati, ili pande mbili zifanane. Sehemu ya chini ya nyumba ilikuwa ukumbi wa wazi. Ghorofa na dohani vimeingizwa, kama Singleton. Sehemu ya nyumba iliyo juu kidogo, upande wa bustani, iliongezwa baadaye na kaka yake Anne, Bartholomew. Simama nje ambapo hizo mbili zinakutana: usawa wa mwamba haulingani, na madirisha hayako mstari mmoja.

Ndani, panda ghorofani uangalie kruki inavyopita chumbani. Pale juu unaelewa kwa nini nyumba ya kruki hugeuzwa kwa shida. Kwenye kiunzi cha nguzo na mwamba unaweza kuinua paa na kuongeza ghorofa kamili. Kwenye kruki paa na ukuta ni mti mmoja. Ukiikata kupata nafasi ya kichwa umeikata nyumba. Waliotaka nafasi zaidi waliinua kuta za pembeni peke yake, kruki ikabaki imezama ndani kama mbavu.

Moto wa mwaka 1969 uliharibu sehemu ya nyumba hii, na sehemu hiyo ilijengwa upya. Paa la majani ndilo la kuhofia daima. Kama dohani haijachunguzwa, cheche moja kupitia ufa wa tofali inatosha.

Siku ya 6: Leigh

Worcester, kisha kilomita chache magharibi. Ghala la Leigh Court lilijengwa karibu na mwaka 1325 kwa ajili ya watawa wa Pershore, na ni jengo kubwa kuliko yote ya kruki Uingereza. Hakuna ghorofa, hakuna dohani, hakuna lipu. Baada ya siku tano za kuangalia vilivyofichwa, hapa kiunzi kiko uchi mpaka kileleni. Jambo la kukumbuka: kruki ni za magharibi, katikati na kaskazini ya nchi. Kule Suffolk na Kent karibu hazipo kabisa. Atakayekuuzia nyumba ya kruki ya Suffolk mwombe akuonyeshe vizuri. Na atakayekuambia kwamba boriti zimetoka kwenye merikebu zilizovunjwa, mwonyeshe namba za fundi. Matundu matupu yanatokana na ukuta au dirisha lililokuwa hapo hapo, au mbao iliyotoka nyumba ya jirani.

Kwa mwenye nyumba ya namna hii, sheria ya mwaka 1990 inataka kibali kabla ya kubadilisha nyumba iliyoorodheshwa, yaani iliyoandikwa kwenye orodha rasmi ya majengo ya kihistoria, ndani na nje, na kufanya bila kibali ni kosa la jinai. Nyumba ikinunuliwa ikiwa na kosa la mmiliki wa zamani, mnunuzi anaweza kuamriwa kulirekebisha. Kwa hiyo kabla ya kununua linganisha maelezo ya orodha na ulichokiona kwa tochi.

Nguzo iliyooza mguu haitupwi. Kata juu ya uozo mpaka mbao ngumu, unga mguu mpya wa mwaloni kwa kiungo cha kupishana chenye urefu usiopungua mara mbili au tatu ya unene wa nguzo, kikiteremka kuelekea nje ili maji yasisimame ndani yake. Mwaloni wa kiraka uwe mkavu kiasi, maana mbichi utasinyaa na kuachana na ule wa zamani ambao haujongei tena. Chonga mwaka kwenye kiraka, asidanganyike atakayekuja. Vigingi viache vikitokeza sentimita mbili au tatu, usivikate viwe sawa na uso wa mbao. Baada ya misimu miwili ya joto, rudi na nyundo uvigonge tena.